MAGOTI YA MFANYAKAZI, NA DAWA ANAZOUZIWA

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na tabibu mmoja aliyealikwa na Kamati ya Elimu kuja kusema mbele ya mkutano wa tawi. Wanachama wengi walikuwa zamu siku hiyo, na kwa ajili yao tumeyachapa yote hapa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.)



Bwana Katibu aliponiandikia barua alinieleza ya kuwa katika maombi yaletwayo kwenye mfuko wenu wa kusaidiana, goti linatajwa mara nyingi kuliko kiungo kingine cho chote. Alieleza pia ya kuwa wako wanachama waliokopa fedha ili wapigwe sindano za goti, na mmoja aliyeuza ng'ombe. Akaniuliza swali moja tu: dawa hizi zafaa, au hazifai?

Swali hilo ni la haki, na lina jibu. Lakini sitaki mlipokee jibu langu kwa sababu mimi ni tabibu. Nataka niwaonyeshe jinsi jibu lenyewe lilivyopatikana, ili siku nyingine mtu akija na chupa yake au sindano yake, mjue la kumwuliza.

Nianze na goti. Hapo ndipo mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi, na mbele yake kuna kilegesambwa, yaani kile kifuu unachokitua chini ukipiga magoti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza, kama kile mnachokiona kwenye ncha ya mfupa wa mbuzi. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake katika ute ulio ndani ya goti, na ute huo huingia na kutoka wakati goti linapokwenda, kama maji katika sifongo inayobanwa na kuachiliwa. Tena gegedu halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo lenyewe haliumi. Maumivu hutoka katika mfupa ulio chini yake na katika utando unaozunguka kiungo. Ndiyo maana mtu mmoja hupigwa picha ya eksirei ikaonyesha goti limeharibika sana, naye anatembea vizuri, na mwingine picha yake ni nzuri lakini usiku halali.

Ugonjwa ninaouzungumzia madaktari huuita osteoathraitisi. Mimi nitauita yabisi ya goti. Sio jongo, ambalo huja ghafula na kuwasha kama moto, wala sio ile baridi yabisi inayovimbisha viungo vya vidole vya mikono yote miwili hata kwa vijana. Hii ya goti huja polepole. Zamani ilidhaniwa kuwa goti huchakaa tu kama tairi ya baiskeli. Sasa twajua kwamba kiungo kizima huugua, mfupa na gegedu na utando na misuli, na mwili hujaribu kujitengeneza lakini hushindwa. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 365 duniani walikuwa na yabisi ya goti.

Sasa shikeni jambo moja, maana mengine yote yanalitegemea. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe. Mwezi huu ni makali, mwezi ujao yamepungua, kisha hurudi. Na mtu huenda kutafuta dawa lini? Huenda yanapokuwa makali kabisa. Basi hata kama angepewa maji ya kisima, wiki chache baadaye kuna uwezekano mkubwa wa kujisikia afadhali, na yule aliyempa maji ndiye atakayepata sifa. Juu ya hayo, mtu aliyeangaliwa kwa heshima, akaguswa mahali panapouma, akaambiwa atapona, hupata nafuu ya kweli kwa hilo peke yake. Simcheki mtu kwa kusema hivyo. Nafuu hiyo ni nafuu. Lakini haiwezi kutuambia kama dawa yenyewe ina kazi yo yote.

Kwa hiyo ushuhuda wa jirani hautoshi, hata awe mkweli namna gani. Inatakiwa kulinganisha watu wa aina moja, wengine wakipewa dawa na wengine wakipewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na kitu ndani, na atakayepata hiki au kile achaguliwe kwa kura. Kama daktari mwenyewe akichagua, atawapa dawa wale anaoona watapona, na hesabu itaharibika tangu mwanzo.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea Marekani, katika mji wa Houston, jimbo la Texas. Wakati huo kulikuwa na upasuaji uliokuwa umeenea sana kwa wagonjwa wa yabisi ya goti. Mpasuaji hutoboa matundu madogo, akaingiza bomba jembamba lenye taa, akaosha goti kwa maji ya chumvi na kukwangua gegedu lililochanikachanika. Ilikadiriwa kuwa kwa mwaka mmoja zaidi ya watu 650,000 walifanyiwa hivyo katika nchi ile, kwa gharama ya kama dola 5,000 kila mmoja. Na wagonjwa walikuwa wakisema wamepata nafuu. Nani angebisha?

Mpasuaji mmoja, Bruce Moseley, pamoja na wenzake katika hospitali ya askari waliostaafu, aliamua kuupima upasuaji huo. Waliandikishwa wagonjwa 180. Kila mmoja alielezwa waziwazi kwamba huenda akapata upasuaji wa bandia, usiomtengeneza goti hata kidogo, naye akaandika kwa mkono wake mwenyewe kuwa amelielewa hilo. Katika wale waliofaa kuingia, watu 144 walikataa, na ilikuwa haki yao. Waliokubali waligawanywa kwa kura. Kundi moja walikwanguliwa na kuoshwa goti, kundi la pili waliliosha tu, na kundi la tatu ni bandia.

Hao wa tatu waliingizwa chumba cha upasuaji kama wenzao. Wakapewa dawa ya kuwalaza. Mpasuaji alifungua bahasha mle chumbani ndipo akajua huyu ni wa kundi gani. Akachana ngozi mahali patatu, akaitisha vyombo vyake vyote kwa sauti, akalikunja na kulinyoosha goti, na maji yakamwagwa ili ikiwa mgonjwa anasikia, asikie mlio ule ule. Muda ukawa ule ule. Akashonwa, akalala hospitali usiku ule, na wauguzi waliomtunza hawakujua kilichofanyika. Kisha wote wakafuatwa kwa miaka miwili na watu wasiojua nani ni nani.

Habari zake zilichapishwa mwaka 2002. Katika muda wa miaka miwili yote hakuna hata wakati mmoja ambapo waliopasuliwa kweli walikuwa na maumivu machache kuliko wale wa bandia, wala hawakuwashinda kwa kutembea au kupanda ngazi. Makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu kiasi, na nafuu ilikuwa moja.

Mnaweza kufikiri kelele zilizotokea. Wapasuaji walisema hao walikuwa karibu wote wanaume, askari wa zamani, tena waliopasuliwa na mtu mmoja. Lawama hiyo haikuwa ya upuuzi. Basi jaribio jingine likafanywa Kanada katika mji uitwao London (si ule wa Uingereza), wanaume na wanawake, watu 188. Wote walipata mazoezi na dawa za kawaida, na nusu yao wakaongezewa upasuaji. Lilichapishwa mwaka 2008, na baada ya miaka miwili upasuaji haukuwa umeongeza kitu. Kabla ya hapo, mwaka 2004, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee ilikuwa imekwisha kataa kulipia uoshaji na ukwanguaji huu kwa ajili ya yabisi peke yake. Mwaka 2017 jopo la madaktari na wagonjwa lililoitishwa na jarida la madaktari la Uingereza lilitoa shauri zito, kwamba karibu wagonjwa wote wenye magoti yaliyochakaa wasifanyiwe.

Nimekaa sana juu ya habari hii kwa sababu moja. Upasuaji ule haukuwa ulaghai wa mtu wa sokoni. Ulifanywa na mabingwa, kwa nia njema, katika hospitali kubwa, na walioufanya waliuamini. Kama hao waliweza kudanganywa na macho yao wenyewe kwa miaka mingi, itakuwaje kwa mimi na wewe?

Twende kwenye sindano, maana najua ndizo mnazozingojea.

Sindano inayopigwa zaidi ndani ya goti ni ya steroidi. Hupunguza uvimbe, na kwa wiki chache wengi hupata nafuu. Huo ni ukweli, na siku ambayo goti limefura na mtu hawezi kusimama, sindano moja yaweza kuwa msaada. Shida ni kuirudia. Huko Boston wagonjwa 140 waligawanywa kwa kura, nusu wakapigwa steroidi kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, na nusu wakapigwa maji ya chumvi. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Kwa maumivu hawakupitana. Lakini picha zilionyesha kuwa waliopigwa steroidi walipoteza gegedu zaidi. Basi mtu anayekwenda kupigwa kila miezi mitatu, akilipa kila mara, huenda analipia kuharibiwa goti lake kwa haraka.

Jaribio jingine lilifanywa katika hospitali za jeshi la Marekani, likachapishwa mwaka 2020. Wagonjwa 156, nusu wakapata sindano za steroidi, nusu wakafundishwa mazoezi na kunyooshwa goti kwa mikono na mtaalamu. Baada ya mwaka mmoja walipimwa kwa kipimo cha maumivu, ugumu na kushindwa kazi, ambacho mwisho wake ni 240, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mtu alivyo mgonjwa zaidi. Wa sindano walikuwa na 55.8, wa mazoezi 37.0.

Vidonge vya kujenga gegedu, vile vya glukosamini na kondroitini viuzwavyo katika makopo mazuri, vilipimwa na serikali ya Marekani kwa watu 1,583, na habari ikatoka mwaka 2006. Katika waliokunywa vidonge visivyo na kitu, watu 60 katika kila 100 walipata nafuu. Waliokunywa glukosamini walikuwa 64. Wataalamu wa hesabu wakasema tofauti hiyo haizidi ile inayoweza kuletwa na bahati. Tazameni tena ile namba ya 60. Ndiyo inayouza makopo. Mwenye duka akikwambia kuwa wateja wake wengi wamepona, hasemi uongo, lakini hao 60 wangepona hata kwa unga wa muhogo.

Za kutuliza maumivu nitazipita upesi. Zile za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zina kazi, lakini zikinywewa siku nyingi hutoboa tumbo na kuumiza figo, na ni hatari zaidi kwa mwenye shinikizo la damu. Diklofenaki ya kupaka juu ya ngozi ni salama zaidi kuliko ya kumeza, na kwa goti hufanya kazi, maana goti halikujificha ndani sana. Mnikumbuke mtakapokuwa mbele ya duka la dawa. Na kumbukeni pia dawa iliyoitwa Vioxx, iliyonywewa na mamilioni ya watu kwa ajili ya viungo, ikaondolewa sokoni na kampuni yenyewe Septemba 2004 baada ya kuonekana kwamba inaongeza magonjwa ya moyo.

Sasa mtasema, huyu bwana amekuja kutunyang'anya kila kitu. La. Yako mambo yaliyosimama, ingawa hakuna aliyesimama kwa kishindo.

La kwanza ni misuli ya paja. Mazoezi ya kuimarisha misuli hiyo, yakifanywa mara mbili tatu kwa wiki kwa miezi miwili au zaidi, hupunguza maumivu kwa wengi. Ni nafuu ndogo au ya kadiri, sio muujiza. Na kwa kuwa nimewataka kupima kila kitu kwa kipimo kimoja, sharti niwaambie ya kwamba mazoezi nayo yalipelekwa mahakamani. Huko Denmark watu 206 waligawanywa, wengine wakapata wiki nane za mazoezi na mafundisho, wengine wakapigwa sindano nne za maji ya chumvi, nao wakiambiwa kabisa kwamba ni maji ya chumvi. Ilichapishwa mwaka 2022, na makundi hayo mawili yalipata nafuu sawasawa! Kwa hiyo asije mtu akawauzia mazoezi kwa bei ya sindano. Mimi nayapendekeza kwa sababu hayaumizi figo, hayali gegedu, yanasaidia moyo na sukari ya damu, na mtu akiwa na kiti anaweza kuyafanya nyumbani bila kumlipa mtu.

Namna yake ni hii. Kaa kwenye kiti kigumu, mikono umeikunja kifuani, simama, kisha ukae polepole. Mara 10, pumzika, mara 10 tena. Kama ni vigumu, weka kitabu au mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. La pili, lala chali, mguu mmoja umeukunja, wa pili umenyooka, uinue ule ulionyooka kiasi cha shubiri mbili, uhesabu mpaka tano, ushushe. Maumivu kidogo wakati wa kufanya si kitu. Yakiwa bado makali kesho yake, umezidisha, punguza.

La pili ni uzito wa mwili, kwa wale walio wanene. Messier na wenzake huko North Carolina walipima na kuona kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza kilo nne zinazobana goti katika kila hatua. Kisha wakawachukua watu 454 wanene wenye yabisi ya goti kwa muda wa miezi 18. Waliopunguza chakula na kufanya mazoezi kwa pamoja walipungua kilo 10.6 na walikuwa na maumivu machache kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Hiyo ilikuwa mwaka 2013. Mtu mwembamba abebaye magunia hana haja na shauri hili, na daktari anayemwambia apunguze uzito hakumtazama.

La tatu ni goti la chuma, yaani kubadilishwa kiungo kizima. Hapa upasuaji ulishinda, nami nausema wazi ili msije mkatoka hapa mkidhani wapasuaji wote hawana kazi. Denmark, mwaka 2015, wagonjwa 100 ambao magoti yao yalikuwa yamefikia kiasi cha kubadilishwa. Wote walipata wiki 12 za mazoezi, shauri la chakula, soli za kuweka ndani ya viatu na dawa. Nusu yao, yaani 50, walibadilishwa goti kwanza. Baada ya mwaka mmoja, katika kipimo cha 100, waliobadilishwa walikuwa wamepanda 32.5, na wengine 16. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini madhara mazito, kama damu kuganda na maambukizo, yalikuwa 24 upande wa upasuaji na 6 upande mwingine. Na katika wale 50 wasiopasuliwa, 13 tu ndio waliorudi kuomba goti la chuma mwaka ule. Kwa hiyo jambo hili ni la mwisho, kwa goti lililokwisha kabisa, na sio mlango wa kwanza.

Bwana Mwenyekiti, mpaka hapa nimesema kana kwamba goti huugua lenyewe. Ninyi mnajua sivyo.

Mwaka 1952, huko Uingereza, madaktari wawili, Kellgren na Lawrence, walichapisha kazi yao juu ya wachimba makaa ya mawe. Walipiga picha za eksirei za wachimbaji, wakazilinganisha na za wafanyakazi wengine wa mikono na za makarani wa ofisini. Wachimbaji walikuwa na magoti mabovu zaidi. Mtu anayechimba mahali penye kimo cha meza hutambaa na kupiga magoti siku nzima, na akiondoka hubeba. Kipimo kile ambacho madaktari hutumia hata sasa kusoma picha za yabisi, kutoka 0 hadi 4, ni cha hao hao wawili, nacho kilichapishwa mwaka 1957.

Lakini kati ya kujua na kulipwa palikuwa na njia ndefu. Ni mwezi wa Julai 2009, miaka 57 baada ya kazi ile, ndipo Serikali ya Uingereza ilipoandika yabisi ya goti katika orodha ya magonjwa ya kazi kwa wachimba makaa waliofanya kazi chini ya ardhi miaka 10 au zaidi. Mwaka 2012 wakaongezwa mafundi wa kutandika mazulia na sakafu waliofanya kazi hiyo miaka 20. Ujerumani nayo iliuingiza ugonjwa huu mwaka 2009, na kipimo chao ni saa: mtu awe amefanya kazi ya kupiga magoti au kuchuchumaa jumla ya saa 13,000, na kila zamu angalau saa moja.

Kilichowapatia haki hao watu ni nini? Ni kulinganisha kule kule. Baraza linaloishauri Serikali ya Uingereza hutaka kuona kwamba kazi fulani imezidisha hatari ya ugonjwa zaidi ya mara mbili, likilinganishwa na watu wasiofanya kazi hiyo. Mchimbaji mmoja akisimama na kusema goti langu laniuma kwa ajili ya kazi, tajiri hujibu, hata karani wangu goti lamwuma, ni uzee huo. Wachimbaji wakihesabiwa upande huu na makarani upande ule, tajiri hana la kujibu. Hesabu ile ile iliyoangusha upasuaji wa Houston ndiyo iliyowasimamisha wachimbaji.

Hapa kwetu tuna sheria mbili za mwaka 2007, ya Usalama na Afya Kazini na ya Mafao ya Majeraha Kazini. Ya kwanza yasema mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wana viti humo. Ya pili haihusu mikono iliyokatwa na mashine tu, yahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini tabibu anayeandika barua kwa ajili ya fundi wa vigae au kuli au mchuma chai ataandika nini, kama hakuna karatasi inayoonyesha alipiga magoti miaka mingapi, na alibeba kilo ngapi? Shirika la Kazi Ulimwenguni lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na nimewaona wenye kubeba miwili.

Shauri langu ni kwamba tawi lifungue daftari. Kila mwanachama mwenye goti linalouma aandikwe kazi yake, miaka yake, saa za kupiga magoti kwa zamu, na uzito anaobeba. Na waandikwe pia wale wasioumwa, hata makarani na walinzi, ingawa wataona ni ajabu. Bila wao daftari litakuwa malalamiko tu. Kisha kamati ya usalama ipeleke mbele ya mwajiri mambo yanayoweza kutengenezwa mwezi huu: mikokoteni, pedi za magoti, vibao vya kukalia kwa wanaofanya kazi chini, na kubadilishana zamu ili mtu asipige magoti saa nane mfululizo.

Nimesema mengi. Nitajibu maswali.

MASWALI

Mwanachama wa idara ya ujenzi aliuliza juu ya sindano za ute wa kutengenezwa na zile za damu ya mgonjwa mwenyewe iliyozungushwa katika mashine. Jibu: Za ute zimepimwa mara nyingi, na majaribio makubwa yaliyofanywa vizuri yameonyesha faida ndogo mno kupita maji ya chumvi. Za damu zilipimwa Australia kwa watu 288, habari ikatoka mwaka 2021, na baada ya mwaka hazikushinda maji ya chumvi, wala kwa maumivu wala kwa kulinda gegedu. Mimi nisingekopa kwa ajili yake.

Mama mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba iko sindano mpya ya kupunguza unene inayoponya magoti. Jibu: Iko dawa iitwayo semaglutaidi. Mwaka 2024 ilichapishwa habari ya watu 407 wanene wenye yabisi ya goti, waliofuatwa wiki 68. Waliopigwa dawa walipungua karibu kilo 14 katika kila kilo 100 za uzito wao, na maumivu yakapungua zaidi kuliko kwa wenzao waliopigwa ya bandia. Ni kazi nzuri. Lakini bei yake ni kubwa, hupigwa kila wiki, nayo ni ya watu wanene sana. Isinunuliwe kwa mtu wa mkoba.

Mwanachama mwingine aliuliza kama aache kutembea kwenda kazini, kwa kuwa goti lake hulia. Jibu: Kulia kwa goti bila maumivu si ugonjwa. Atembee. Kama huchoka njiani, ashike fimbo kwa mkono wa upande usiouma, sio ule unaouma kama wengi wanavyofanya. Likifura ghafula, likawa la moto, na mwili ukapata homa, asingoje mkutano ujao, aende hospitali siku hiyo hiyo.

(Karatasi za daftari la magoti zinapatikana kwa Bwana Katibu, ofisini mwa tawi, kila Jumamosi asubuhi. Wasioumwa nao waje.)